Gotham, msimu wa pili: Gordon amerudishiwa beji yake kwa bei gani?

MWANZISHA UZI

Wadau wa tamthilia, ninawasalimu. Ninatanguliza tahadhari kwamba uzi huu unaeleza yote yaliyotokea katika sehemu ya kwanza ya msimu wa pili wa Gotham (tamthilia ya mji wa kubuni wa Gotham kabla Batman hajatokea), "Damned If You Do...", iliyorushwa na kituo cha Fox cha Marekani Jumatatu ya tarehe 21 Septemba 2015. Asiyeitazama bado, na anayetaka kuikuta ikiwa mbichi, aishie hapa.

Mengi niliyoyasikia kutoka kwa watazamaji wenzangu yanahusu Arkham, hospitali ya wahalifu wendawazimu: gesi ya bluu, wagonjwa sita waliotoroshwa, kicheko cha Jerome aliye mmoja wao, na Barbara Kean ambaye kila akifungua kinywa unajiuliza kama huyu kweli ndiye yule mchumba mpole wa Gordon wa msimu uliopita. Sina ugomvi na furaha hiyo. Msimu wenyewe umepewa jina la Rise of the Villains, na aliyelisoma jina hilo hawezi kudai kwamba amepunjwa. Hata hivyo, ninaona kwamba kiini cha sehemu hii hakiko Arkham, bali kiko katika safari fupi anayoifanya mpelelezi James Gordon kwenda kudai fedha za mtu mwingine, na ninashangaa kuona jambo hilo likipitwa kana kwamba ni daraja tu la kutupeleka kwa wabaya.

Tukumbuke tulikotoka. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya tamthilia hii, tarehe 22 Septemba 2014, Gordon alipelekwa kwenye gati akiwa na Oswald Cobblepot, naye akaamriwa amuue ili wakubwa wa genge na wenzake kazini waamini kwamba yeye ni mmoja wao. Gordon alipiga risasi ya uongo, akamtumbukiza Cobblepot majini akiwa hai, na kumwonya asirudi tena mjini. Karibu kila kitu kilichofuata katika msimu wa kwanza kilizaliwa na uamuzi huo mmoja wa mtu aliyekataa kulipa kiingilio cha damu. Cobblepot alirudi, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, akamsukuma bosi wake wa zamani Fish Mooney kutoka juu ya paa, na sasa kati ya wakubwa wa magenge Falcone amestaafu, Maroni amekufa, na Cobblepot, anayeitwa Penguin, ndiye anayeitawala Gotham ya usiku.

Mwaka mmoja baadaye, karibu siku kwa siku, waandishi wanamrudisha Gordon mbele ya swali lile lile, ila safari hii aliyekuwa akitetemeka kwenye gati ndiye anayekaa kitini na kutaja bei. Kamishna wa polisi Loeb amemvua upelelezi na kumtupa barabarani akiwa askari wa trafiki mwenye sare. Baadaye, kwa kisingizio kwamba alimsukuma askari mwenzake aliyechelewa kumpokea zamu, anamfukuza kazi kabisa. Gordon anakwenda kwa Penguin kuomba msaada. Penguin anakubali, lakini anataka kwanza Gordon akamdai mfanyabiashara mmoja aitwaye Ogden Barker deni lake. Gordon anakataa, kisha anakubali, anakwenda, anachukua fedha, anakimbizwa, na katika kukimbizwa huko anampiga risasi Barker na kumuua. Usiku huo Penguin na muuaji wa kukodiwa Victor Zsasz wanamtembelea Loeb nyumbani kwake, na siku inayofuata Loeb anasimama mbele ya waandishi wa habari kutangaza kwamba anastaafu, kwamba Sarah Essen, mkuu wa kituo cha Gordon, anachukua nafasi yake, na kwamba Gordon anarudishwa kazini.

Kile alichokataa kukilipa mwaka jana ili aingie, mwaka huu amekilipa ili arudi. Tena aliyemsukuma si jambazi wala mlevi yeyote, bali ni Bruce Wayne, mtoto ambaye Gordon alimwahidi kumpata muuaji wa wazazi wake. Ni Bruce anayemwambia, kwa utulivu unaoogofya kidogo kwa umri wake, kwamba kuna wakati njia iliyo sahihi huwa pia ndiyo njia chafu. Tunajua wote kijana huyu atakuwa nani ukubwani, yaani Batman. Kwa hiyo yule ambaye kila mpenzi wa katuni anamhesabu kuwa dhamiri ya Gotham ndiye aliyemruhusu Gordon aivunje ya kwake. David Mazouz, anayemwigiza Bruce, anayasema maneno hayo bila mbwembwe, na kwa maoni yangu hakuna tukio jingine katika sehemu nzima lililoandikwa vizuri kuliko hilo.

Nina malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba Ben McKenzie, anayemwigiza Gordon, amepewa nafasi ndogo mno ya kubeba uzito wa kilichotokea. Barker anaanguka, na kabla vumbi halijatua tumeshahamia kwingine. La pili ni kuhusu Zaardon, yule bwana wa mapanga mawili anayejiita mvunaji wa roho, ambaye alinichekesha mahali ambapo nina hakika sikutakiwa kucheka. Ninafahamu kwamba baadaye inaonekana alitumwa na Theo Galavan, aliyepanga ule utoroshaji, na kwamba kazi yake hasa ilikuwa kuibeba ile gesi tumboni hadi ndani ya Arkham, lakini dakika zake za mwanzo zilikuwa vichekesho vitupu.

Ninauliza basi: je, mnakubali kwamba Gordon amevuka mpaka, au mnaona amefanya kile ambacho askari yeyote mwenye akili katika mji ule angefanya?


MCHANGIAJI WA 2

Ndugu mwanzisha uzi, umeandika vizuri, lakini umemtia Gordon hatiani haraka mno. Barker alikuwa mhalifu mwenye walinzi wenye silaha, na anadaiwa na mhalifu mwenzake. Gordon hakwenda pale kuua. Alikwenda kuchukua fedha, akazichukua, na alipokuwa akikimbia ndiye aliyekuwa akirushiwa risasi. Mtu anayefyatua risasi ili asiuawe anajitetea, na kujitetea si mauaji. Ukilinganisha tukio hilo na lile la gati unalinganisha vitu viwili visivyofanana, kwa sababu kule aliamriwa kumuua mtu asiye na silaha aliyekuwa akilia na kuomba huruma, ilhali huku alikabiliana na mtu aliyetaka kumtoa roho.

Zaidi ya hapo, tazama kilichopatikana. Loeb aliyekuwa ameiozesha polisi ya Gotham kuanzia kichwani ameondoka, na Essen, ambaye pamoja na udhaifu wake ni mtu mwadilifu, ameshika usukani. Ikiwa bei ya mabadiliko hayo ni jambazi mmoja aliyejitakia, mimi binafsi sikosi usingizi. Steringi hawezi kushinda akiwa amefungwa mikono, na tumelalamika msimu mzima kwamba Gordon ni mgumu kama gogo na hajui kupinda.


MCHANGIAJI WA 3

Mimi nimechoshwa na jambo moja tu. Ameshushwa cheo, amefukuzwa, ameomba msaada, ameua, na amerudishwa kazini, yote ndani ya sehemu moja isiyotimiza hata saa. Adhabu hiyo ingestahili kudumu kwa sehemu tatu au nne. Ningependa kumwona akiongoza magari kwenye mvua kwa wiki kadhaa, Bullock, mpelelezi mwenzake wa zamani, akiwa nyuma ya kaunta ya baa akimcheka, hadi sisi wenyewe tuanze kutamani amwendee Penguin.


MCHANGIAJI WA 4

Mchangiaji wa 2, mkuu, hoja yako ya kujitetea inapendeza lakini haisimami hata ikiegemezwa ukuta. Gordon aliingia mahali pa mtu akachukua fedha kwa nguvu. Huo ni unyang'anyi, na kwamba Barker alidaiwa na mtu mwingine hakuubadilishi, kwa sababu deni hulipwa kwa mdai au kwa amri ya mahakama, si kwa mwenye bastola. Anayeanzisha uhalifu hawezi kujificha nyuma ya kujitetea pale mwenye mali anapomfuata. Tena, kwa kuwa tamthilia inatokea Marekani, ni vyema tukumbuke kwamba majimbo mengi ya huko yana kanuni inayohesabu kifo kinachotokea katikati ya uhalifu mkubwa kama vile unyang'anyi kuwa ni mauaji, hata kama mhusika hakukusudia kuua. Kwa maneno mengine, endapo mpelelezi mwadilifu angelikabidhiwa jalada la Ogden Barker, angemtafuta muuaji, na muuaji huyo sasa ana beji mfukoni na dawati katika kituo kile kile.

Hapo ndipo ninapoungana na mwanzisha uzi na hata kumpita. Tatizo la Gordon si kwamba ameua tu, bali kwamba kuanzia sasa yupo mtu mmoja anayejua, na mtu huyo ni Penguin. Katika msimu wa kwanza Penguin alikuwa na deni kwa Gordon, kwa sababu aliachiwa uhai wake pale gatini, na kila alipomsaidia alikuwa akilipa kidogo kidogo. Robin Lord Taylor, anayemwigiza Penguin, alilicheza deni hilo vizuri sana, kwa unyenyekevu uliojaa njama na kwa kuita "rafiki" mara nyingi mno. Katika sehemu hii mizani imegeuka. Hakuna haja ya Penguin kutoa kitisho chochote, kwa maana anayejua ulipomzika marehemu hahitaji kukupazia sauti.

Kuhusu Loeb kuondoka, ninakuuliza: unamfurahiaje kamishna mpya ambaye nafasi yake imetafutwa na mkuu wa genge usiku, kwa kumuua mlinzi wa kamishna aliyetangulia na kumtisha mwenyewe ndani ya nyumba yake?


MCHANGIAJI WA 5

Ninaomba kuchangia kwa upande wa katuni zenyewe, kwa sababu naona baadhi yetu wanamchukulia Gordon kama mtakatifu aliyeangushwa na waandishi wa televisheni. Gordon ni mkongwe kama Batman mwenyewe. Wote wawili walionekana kwa mara ya kwanza katika toleo la 27 la Detective Comics mwaka 1939, na kwa miongo mingi hakuwa na kazi zaidi ya kuwa mzee wa sharubu anayeomba msaada. Aliyempa nyama na damu ni Frank Miller, akiwa na mchoraji David Mazzucchelli, katika Year One, hadithi iliyotoka mwaka 1987 katika matoleo ya 404 hadi 407 ya Batman. Humo Gordon anafika Gotham akitokea Chicago, anakuta polisi wameoza chini ya Kamishna Loeb huyu huyu, na anapambana nao. Lakini humo humo anamsaliti mke wake mjamzito kwa mahusiano na askari mwenzake, na askari huyo anaitwa Sarah Essen. Pia anamsubiri askari fisadi Flass njiani na kumpa kipigo kisichoandikwa katika kanuni yoyote ya polisi.

Kwa hiyo Gordon mwenye doa si jambo geni. Kilicho kipya ni aina ya doa. Katika katuni ile makosa yake yanabaki kuwa yake, na anakataa kuyafanya kuwa silaha ya wengine: anapotishwa kwamba siri yake itafichuliwa, anakwenda kumwambia mke wake mwenyewe. Loeb naye anaangushwa na kashfa, si na jambazi. Bruno Heller, mtunzi wa tamthilia hii, na wenzake wamechukua watu wale wale, kamishna yule yule na anguko lile lile, kisha wakabadilisha mkono uliosukuma. Ninalihesabu kuwa badiliko la ujasiri, na litakuwa na maana endapo tu Gordon atafika mahali pa kuchagua kusema au kunyamaza kama yule wa 1987. Kwa sasa amenyamaza hata kwa mpenzi wake Leslie Thompkins anayeishi naye.


MCHANGIAJI WA 6

Wakuu, mbona hakuna anayemtaja Nygma, mtaalamu wa maabara wa polisi? Cory Michael Smith akizungumza na sura yake mwenyewe katika kioo alinipa baridi kuliko Arkham nzima. Msimu uliopita alimuua askari kwa ajili ya Kristen Kringle, mwanamke anayempenda, na sasa tunaona kwamba aliyemuua bado yumo ndani yake na anataka kutoka nje. Naye pia yuko ndani ya kituo kile kile cha polisi. Tukihesabu vizuri, wauaji waliomo mle wenye vitambulisho halali sasa ni wawili.

Swali langu kwa wanaokumbuka vizuri kuliko mimi: katika msimu wa kwanza Gordon aliivumbua siri ya Loeb, yaani yule binti yake Miriam aliyefichwa shambani baada ya kumuua mama yake, na akaitumia kumbana. Kwa nini safari hii alikwenda kwa Penguin wakati alikuwa na kamba ya kumfungia Loeb mkononi mwake?


MCHANGIAJI WA 7

Mwanzisha uzi, ninakupinga pale uliposema kwamba kiini hakiko Arkham. Nimeitazama sehemu hii mara mbili, na mara ya pili niliona kwamba Arkham inasimulia jambo lile lile unalolisimulia wewe, ila kwa sauti ya juu.

Tazama tukio la Theo Galavan akiwa na wafungwa wake sita. Amewatoa Arkham, amewasimamisha mbele yake, na sasa anawaeleza mpango wake kwa lugha tamu ya mwenye nyumba anayekaribisha wageni. Richard Sionis, ambaye wengi tunamkumbuka kwa yale mapigano ya ofisini ya msimu wa kwanza, anashukuru kwa kutolewa na kusema kwamba hapendi kushiriki. Hakutukana wala hakutisha. Tabitha, dada yake Galavan, anamuua pale pale mbele ya wenzake, na waliobaki wanaelewa kwamba uhuru waliopewa ulikuwa na bei ambayo haikutajwa mlangoni. Sasa mweke Gordon kando ya Sionis. Wote wawili wamepewa msaada na mtu mwenye nguvu kuliko wao, na wote wameelezwa masharti. Aliyekataa amekufa, na aliyekubali amerudishiwa beji. Ninadhani ndiyo sababu matukio haya yamewekwa katika sehemu moja, na ndiyo sababu Galavan ananitia hofu kuliko Penguin. Penguin anakutajia bei kabla hujachukua bidhaa, ilhali Galavan anakupa bidhaa kwanza.

Barbara ni suala jingine kabisa, na ningependa afunguliwe uzi wake. Erin Richards, anayemwigiza, alilaumiwa mno katika msimu wa kwanza kwa mhusika ambaye hakuandikiwa chochote cha kufanya zaidi ya kusubiri mlangoni. Tangu fainali ya Mei, alipokiri kwamba aliwaua wazazi wake na kumvamia Leslie, ni kama amepewa mtu mpya wa kuigiza. Anavyoingia Arkham na kuipima ile jumuiya kwa macho, akijua ndani ya dakika chache nani wa kumtumia na kwa njia gani, ni kazi ya mwigizaji aliyekuwa akisubiri.

Kuhusu Jerome, ninaomba tusianze tena ule mjadala wa kama ndiye Joker, adui mkuu wa Batman, au siye. Hajaitwa hivyo hata mara moja.


MWANZISHA UZI

Ninawashukuru nyote, na ninaanza kwa kukubali kushindwa: Mchangiaji wa 7, dada au kaka, umenishika. Nilikuwa nimemhesabu Sionis kama mtu aliyeuawa ili tujue kwamba Tabitha ni hatari, jambo ambalo kila tamthilia ya wahalifu hulifanya katika sehemu yake ya kwanza, na sikuona kwamba amewekwa pale kama kioo cha Gordon. Nimerudi kulitazama tukio hilo jana usiku, na adabu yake katika kukataa ndiyo iliyonisumbua zaidi.

Mchangiaji wa 6, swali lako kuhusu Miriam ni zuri kiasi kwamba ninatamani usingeliuliza. Jibu langu ni la kubahatisha. Siri ile iliuzwa tayari: Gordon aliibadilisha kwa makubaliano na Loeb, na silaha ya aina hiyo ukishaitumia mara moja, ukiirudia inakuwa ni wewe unayevunja neno. Kuitumia tena kungemlazimu amwanike binti mgonjwa mbele ya mji mzima. Pengine ndiyo sababu, na kama ndiyo, basi waandishi walipaswa kuisema japo kwa sentensi moja, kwa sababu bila sentensi hiyo Gordon anaonekana kama mtu aliyesahau kwamba ana funguo mfukoni akaenda kuvunja dirisha.

Mchangiaji wa 3, ninakuunga mkono kwa asilimia mia moja kuhusu kasi, na nimecheka sana kwa picha ya Bullock nyuma ya kaunta. Donal Logue, anayemwigiza Bullock, alionekana kwa muda mfupi tu, akiwa hanywi tena pombe na akiwa ameacha polisi, na hata hivyo ndiye mtu pekee katika sehemu nzima aliyeonekana kuwa na amani. Hilo nalo linasema kitu.

Kwa Mchangiaji wa 2 nina jambo moja la mwisho, na linahusu ile barua. Bruce na mtumishi wake Alfred wameulipua mlango wa chumba cha siri cha Thomas Wayne kwa bomu lililotengenezwa kwa mbolea, wameingia, na ndani wamekuta barua ambayo baba alimwandikia mwanawe. Barua hiyo inamweleza Bruce kwamba furaha na ukweli havikai pamoja, na kwamba angemshauri achague furaha, isipokuwa kama anahisi wito wa kweli. Wewe unasema Gordon ametenda sawa kwa sababu matokeo ni mema. Mimi ninaona kwamba barua ile, ingawa imeandikiwa mtoto, ndiyo hukumu ya Gordon. Gordon aliamini kwamba ana wito, naye kwa ajili ya wito huo akaenda kwa Penguin. Lakini alichokipata si ukweli, kwa maana sasa ana jambo ambalo hawezi kumwambia Leslie, Essen wala Bruce; na si furaha, kwa maana mnaukumbuka uso wake pale Loeb alipokuwa akimsifu mbele ya kamera. Alisimama pale akapigiwa makofi, Essen akiwa kando yake akitabasamu kama mtu aliyepata cheo chake kwa haki.